Jiwe la Mpaka Ndilo Msingi wa Kwanza



Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na kwa miaka mingi ardhi inayolizunguka ilithaminiwa kwa mtama, uwele na zabibu. Uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma ulianza kubadili hesabu hiyo. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, na Dodoma ilipotangazwa kuwa Jiji mwaka 2018, mashamba ya pembezoni, ya Hombolo yakiwamo, yalianza kutazamwa kama viwanja vya nyumba, maghala na maduka.

Hapo ndipo kazi ya mpima ardhi inapopaswa kueleweka. Wako wanaodhani kwamba kupima ni kuvuta kamba na kuchimbia mawe. Sivyo. Mpima huanzia kwenye alama za upimaji za taifa, ambazo mahali pake panajulikana kwa hesabu. Kutoka hapo hupima pembe na umbali mpaka kila kona ya kiwanja ipate namba zake. Jiwe liking'olewa, kona haijapotea; mpima mwingine aweza kuirudisha pale pale. Mbuyu na korongo havina ushahidi wa namna hiyo: mbuyu huanguka, na korongo huhama kwa mvua.

Jengo la biashara hudai zaidi. Hudai kupimwa miinuko, kwa kuwa maji ya masika huujua mteremko ambao jicho halikuuona. Hudai pia nguzo na kuta zipimiwe mahali pake kabla ya zege kumwagwa. Kosa la hatua moja kwenye karatasi hufutwa kwa kifutio. Likiwa katika msingi, hufutwa kwa nyundo na kwa kesi.

Lakini kipimo sahihi kisicho na haki ni dhuluma iliyonyooka. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoundwa mwaka 1973, ilivunjwa mwaka 2017 baada ya malalamiko ya miaka mingi ya wananchi kuhusu ardhi. Sheria za Ardhi Namba 4 na Namba 5 za mwaka 1999 zinaitambua haki ya mwenye shamba aliyelipata kwa mila, hata kama hana hati mkononi. Ardhi yake ikitwaliwa, anastahili fidia kamili, ya haki, inayolipwa bila kucheleweshwa. Basi shamba la mkulima liandikwe, na majirani washuhudie mipaka, kabla jiwe la kwanza halijachimbiwa.

Katika Hombolo hii hii kipo Chuo cha Serikali za Mitaa, kinachoandaa watendaji wa wananchi. Mtendaji asiyeweza kusoma ramani ya upimaji atagonga muhuri juu ya asichokijua. Mwalimu wa hesabu naye awatoe wanafunzi darasani, awaoneshe pembe na umbali katika kiwanja cha shule. Mwananchi aijuaye mipaka yake hadanganyiki kwa urahisi.