Tunza Pampu Yako ya Maji

Ndugu mkulima, leo nazungumza nawe uliye Lupingu, kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone. Maji unayo mlangoni, lakini kiangazi hayapandi bustanini yenyewe. Ndiyo maana ukanunua pampu ya petroli.

Sasa fikiri: nyanya zimetoa maua, jua linachoma, injini inakatika. Vipuri ni mpaka upande mlima, Ludewa mjini au Njombe. Ukirudi, maua yamepukutika. Mara nyingi injini kama hiyo haikufa kwa uzee. Imekufa kwa kukosa matunzo.

Kwanza, oili. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, weka injini mahali palipo sawa, upime oili kwa kijiti chake. Ikipungua, ongeza. Wapo wanaosema, "Injini ya boti nachanganya oili na petroli, basi na hii vilevile." Hapana, ndugu. Hii ya pampu ina chumba chake cha oili, na petroli yake haichanganywi.

Injini mpya hubadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au kila miezi 6. Utazihesabuje? Chukua chaki. Ukimwagilia saa 4 kwa siku, piga mstari mmoja mlangoni mwa stoo. Mistari 5 ni saa 20. Mistari 25 ni saa 100. Injini ya nguvu za farasi 5 na nusu hutumia oili kama nusu lita na kidogo tu. Mwaga ile ya zamani injini ikiwa vuguvugu, ndani ya kopo, siyo ziwani. Maji yale tunayanywa.

Pili, chujio la hewa. Mchanga ukiingia ndani husaga silinda. Kila mistari 12, fua sponji kwa maji ya sabuni, likauke kabisa, tia matone machache ya oili, kisha likamue. Usiwashe injini bila chujio, hata kwa dakika moja.

Tatu, jaza pampu maji kabla ya kuwasha. Ikizunguka kavu, sili yake huungua. Na mdomo wa mpira wa kuvutia maji usilale mchangani.

Mwisho, mvua zikianza na pampu ikipumzika, toa petroli yote kwenye tangi, kisha acha injini iungurume hadi ijizime. Petroli inayolala miezi ndani ya kabureta huganda kama utomvu na kuziba matundu. Ndipo utakapovuta kamba msimu ujao mpaka bega liume.

Haya, ndugu. Kesho asubuhi pima oili, halafu piga mstari wa kwanza mlangoni. Kwa heri.