Kiatu cha Mguu Uliokufa Ganzi: Namna ya Kuchagua na Kupima Soli ya Ndani Inayofinyangwa kwa Joto



Tumezoea kukutana kuzungumzia mizani, mafuta ya kula na bidhaa zilizokwisha muda wake. Leo tutazungumzia kitu kidogo ambacho mnunuzi hukiona mara moja tu, dukani, kabla hakijafunikwa na mguu wake: soli laini ya ndani ya kiatu, ile ambayo hupashwa moto ikalainika, kisha hufinyangwa ifuate umbo la unyayo.

Soli hiyo huwafaa hasa watu ambao miguu yao imekufa ganzi, wengi kwa sababu ya kisukari, na wengine kwa sababu ya ukoma. Mtu mwenye mguu mzima akivaa kiatu kinachobana, hatua chache tu humfanya achechemee, na akifika nyumbani hukitupa pembeni. Maumivu ndiyo mlinzi wake. Mguu uliokufa ganzi umepoteza mlinzi huyo. Kokoto ikiingia kiatuni, au mwiba wa mbigili ukipenya soli, mwenye mguu huo aweza kutembea kutoka Soko la Majengo hadi Sabasaba asijue lolote. Jioni akivua kiatu, hukuta damu kwenye soksi. Kidonda hicho kikiachwa huingia uchafu, uchafu hufika kwenye mfupa, na mwisho wake waweza kuwa kukatwa mguu.

Somo hili lilijifunzwa kwa shida. Zamani watu wengi waliamini kwamba nyama ya mgonjwa wa ukoma huoza yenyewe. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India tangu miaka ya 1940, alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba vidonda vingi vya miguu ya wagonjwa hao vilitokana na mgandamizo na majeraha ambayo mgonjwa hakuyahisi. Viatu vyenye soli laini vikawa sehemu ya tiba. Hapa kwetu, ambapo jina la Hombolo limefungamana kwa miaka mingi na huduma za wagonjwa wa ukoma, jambo hili lisiwe geni masikioni mwetu.

Kutokana na hayo, nawaomba mkumbuke neno moja kuliko mengine yote nitakayosema: mtu mwenye ganzi asichague kiatu kwa kusikiliza mguu wake. Muuzaji akimwuliza, "Je, kinakubana?", yeye atajibu kwa unyofu, "Hapana," na jibu hilo halina thamani. Wengine hufikia hata kupenda kiatu kinachobana, kwa kuwa angalau hicho wanakihisi kidogo. Kazi ya hisia lazima ifanywe na macho, mkono na kipimo.

Tuanze na kipimo. Nendeni kununua mchana kuelekea jioni, kwa maana miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Simameni wima juu ya karatasi ngumu, mtu mwingine achore mzingo wa kila mguu, kwa kuwa miguu miwili ya mtu mmoja mara nyingi hailingani. Kateni mchoro huo mwende nao dukani. Utoeni utandiko uliomo kiatuni, kisha tumbukizeni karatasi. Ikikunjika pembeni au mbele, kiatu hicho ni chembamba au kifupi, hata kama namba yake ndiyo mliyoizoea. Urefu wa ndani uzidi urefu wa mguu kwa sentimita 1 hadi 2. Mguu wa sentimita 26, kwa mfano, unahitaji nafasi ya sentimita 27 hadi 28. Upana wa ndani ulingane na upana wa mguu pale vidole vinapoanzia, na juu pawe na nafasi ya kutosha vidole visisuguliwe.

Kimo hicho cha juu ndicho wengi hukisahau. Soli ya ndani yenye unene wa milimita 10 huuinua mguu kwa milimita zilezile. Mkiitia ndani ya kiatu kilichokuwa kinatosha sawasawa, vidole vitapanda na kusugua ngozi ya juu ya kiatu. Kwa namna hiyo mtu hulipia soli ya kumkinga akanunua kidonda. Tafuteni kwanza kiatu chenye kina, chenye kamba au mkanda wa kukaza, kisha soli ifuate. Kandambili hazifai: hazina mahali pa kuishikilia soli, na kamba yake hukata ngozi kati ya vidole.

Sasa nyenzo yenyewe. Soli inayofinyangwa kwa joto hutengenezwa kwa povu la plastiki aina ya polietilini, lenye vijishimo vilivyofungwa visivyonyonya jasho. Fundi hulipasha ndani ya joko mpaka lilainike, kwa kawaida kwenye joto la karibu nyuzi 140, kisha hulikandamiza kwenye umbo la unyayo likapoa. Faida yake ni kwamba uzito wa mwili husambazwa kwenye unyayo wote badala ya kulemea nukta mbili tatu. Upungufu wake ni kwamba povu laini peke yake hubonyea upesi likabaki bapa kama karatasi. Kwa hiyo ulizeni kama chini yake imegandishwa tabaka la pili lililo gumu zaidi. Bonyezeni kwa kidole gumba: ishuke kidogo, kisha irudi. Isiporudi, imekwisha kazi. Na kama hamhisi kabisa sakafu ngumu chini yake wala haishuki, ni ngumu mno.

Nisisitize kuhusu moto. Soli hii isifinyangwe nyumbani kwa pasi, jiko la mkaa au maji ya moto. Mguu usiohisi mgandamizo hauhisi pia kuungua. Mtaalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi aweza kuchukua umbo la mguu kwa plasta, akafinyanga soli juu ya umbo hilo, mguu wenyewe usiguswe na joto. Nchi yetu huwaandaa wataalamu hao katika chuo kilichopo KCMC, Moshi, kilichoanzishwa mwaka 1981. Anzieni kliniki ya kisukari au ya ukoma mnakotibiwa, muwaombe wawaelekeze. Na mwenye kidonda kilicho wazi asinunue soli kwanza. Huyo aende hospitali siku hiyohiyo.

Soli ikishapatikana, ivaliwe kwa kuizoesha. Siku ya kwanza saa moja tu. Vueni, mtazame unyayo, kati ya vidole na kisigino. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mwanawe amtazamie. Wekundu, au joto mnalolihisi kwa kiganja, likidumu zaidi ya nusu saa, rudisheni soli kwa fundi airekebishe. Ngozi ikiwa salama, ongezeni muda siku kwa siku. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa, kung'uteni kiatu na mpapase ndani kwa mkono. Soli isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa, kwa kuwa kilichofinyangwa kwa joto huharibiwa na joto. Ikichafuka, ifutwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na ikaushwe kivulini.

Niseme na fedha zenu. Yapo matangazo ya soli zinazodaiwa kuponya ganzi, kunyonya sumu mwilini au kushusha sukari. Hakuna soli ya kiatu inayotibu kisukari. Kazi yake ni kukinga ngozi, na kazi hiyo yatosha kuheshimiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kupokea malalamiko ya namna hiyo. Mnaponunua, mwelezeni muuzaji waziwazi: "Nataka kiatu cha mguu wenye ganzi." Kauli hiyo ina uzito, kwa maana anayejua kusudi lenu na kuwauzia kwa utaalamu wake anawajibika bidhaa ifae kusudi hilo. Daini risiti ya kielektroniki. Soli ikitengenezwa kwa oda, andikianeni kabla ya malipo ya awali: aina ya nyenzo, unene, tarehe ya kukabidhiwa, na kwamba marekebisho ya kwanza yamo ndani ya bei.

Asiye na uwezo wa soli ya kufinyangwa asikate tamaa. Kiatu kipana chenye kina, soli ya nje ngumu isiyopenyeka mwiba, na utandiko bapa wa mpira laini uliokatwa kwa kipimo cha mguu wake, humkinga kuliko kiatu cha bei kubwa kisichomtosha. Fundi viatu mwangalifu aweza kuifanya kazi hiyo, mradi asipige msumari wowote. Agandishe kwa gundi na ashone.

Ndugu zangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kumtazama mzazi wako nyayo kila jioni huchukua dakika mbili. Fanyeni hivyo leo, kabla ya kulala.