Miaka Kumi na Minne Juu ya Mataruma
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi na mwanachama wa gengi la njia ya reli)



Tumeombwa tuseme kidogo juu ya mtu aliyeganda katika kazi moja. Sisi si wasemaji. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na tangu hapo tumeshika sururu kuliko kalamu. Lakini jambo lenyewe twalijua, maana tulikaa ndani yake.

Tuko wanne wa gengi moja. Miaka 14 tumekaza vifungo, tumeshindilia kokoto chini ya mataruma, tumetembea njia tukitafuta ufa kwenye reli. Mwaka wa kwanza tulijifunza mengi. Tangu wa tatu hatukujifunza neno jipya. Tulinung'unika tu, na kila mwisho wa mwezi tukapokea mshahara tukanyamaza.

Kilichotuamsha ni hesabu. Mmoja wetu alileta Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, tukasoma kifungu cha 40 jioni moja. Kazi ikiondolewa, mfanyakazi atalipwa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Tukapiga: 15 mara 14 ni siku 210. Miezi saba! Mwezi wa nane watoto watakula nini? Tena kifungu hicho chasema tajiri akichagua wa kuondoka, sharti aangalie nani ametangulia kazini, na pia ustadi, uwezo na uaminifu wa kila mtu. Kutangulia tumetangulia. Lakini ustadi wetu tungeuonyesha kwa karatasi gani?

Wazee wa reli waliyaona haya. Kati ya mwaka 1955 na 1956 yaliletwa kutoka Manchester magarimoshi 34 ya mvuke yenye majina ya milima, kila moja likizidi tani 250. Moja, Namba 5918, limesimama katika makumbusho ya reli hapa Nairobi, nendeni mkalitazame. Stoka wa gari lile alikuwa mtu hodari sana. Injini za dizeli zilipochukua kazi yote, uhodari ule haukuwa na pa kutumika, na yeye hakuwa na kosa lolote. Nasi mwaka 2017 tuliona reli mpya ya Mombasa ikifunguliwa, upana milimita 1,435, mataruma yake ya zege. Njia tuliyojifunzia sisi ni ya mita moja, ya mataruma ya chuma.

Basi tukaamua kujifunza kuchomelea vyuma. Jumamosi mchana tukitoka kazini tulikwenda Kamukunji kwa fundi mmoja wa jua kali. Alikuwa kijana, mdogo kwetu kwa miaka kumi. Yeye alituita wazee, sisi tukamwita mwalimu. Hapo ndipo penye ugumu, ndugu zangu, si kwenye moto. Mtu mwenye mke na watoto kuambiwa mbele ya watu, "Mzee, hiyo umeharibu, anza tena," ni jambo la kumeza. Mmoja wetu alikaa nyumbani wiki tatu kwa sababu ya neno hilo, ingawa alituambia ni mgongo. Tena tulikuwa wajinga: tulivaa miwani ya jua ya kununua barabarani. Usiku macho yakauma kana kwamba yamejaa mchanga, na wake zetu wakatubandika vipande vya viazi. Msifanye hivyo. Nunueni kinyago cha kweli kwanza.

Baada ya miezi minane tulijiandikisha kwa mtihani wa ufundi wa NITA, Gredi ya Tatu, ambayo ndiyo ngazi ya chini. Juu yake iko ya Pili na ya Kwanza. Ada tulichanga kidogo kidogo. Siku ya mtihani mkubwa wa kazi alikataa kutupa ruhusa, akasema reli haihitaji maprofesa. Tukachukua siku katika zile 21 za likizo ambazo sheria yatupa.

Wawili tulifaulu. Wa tatu alianguka na atarudi. Wa nne aliacha kabla, kwa kuwa ada ya shule ya binti yake ilikuja mwezi ule ule, na hakuna mtu hapa atakayemlaumu. Hao wawili bado tuko kwenye gengi. Mshahara haujaongezwa hata senti. Lakini jioni twatengeneza madirisha na milango ya chuma, na mmoja ameandika barua ya kuomba kazi ya karakana. Jibu halijaja.

Ndugu Mwenyekiti, twaomba jambo moja liandikwe katika mapatano yajayo na tajiri: siku za mtihani wa ufundi zilipwe, zisikatwe katika likizo.

Na wale wanaotaka kuanza, Jumamosi ijayo saa nane tutakuwa mlangoni mwa ofisi ya tawi. Njooni na buti. Vinyago tunavyo viwili, tutapokezana.