Nyumba ya Njombe kwa Ramani ya Dar



Panda mwinuko wowote hapa Njombe mjini, tazama chini, utaona maboma. Mengine yameishia kwenye msingi, mengine kwenye lenta, mengine yamepauliwa juzi na bati bado linang'aa. Hela ya parachichi, ya mbao, ya viazi, na ile inayotumwa na vijana wetu walioko Kariakoo, yote inageuka tofali. Sina nia ya kumkatisha tamaa mtu anayejenga. Nazungumza na yule ambaye baada ya kupiga hesabu za lazima amebakiwa na milioni mbili tatu, sasa anajiuliza azipeleke wapi: kwenye geti la kuchonga, kwenye dari la jipsamu lenye taa za rangi, kwenye marumaru za kung'aa mpaka barazani, au kwingine.

Ushauri wangu ni kwamba hela hiyo iende kwanza kwenye vitu ambavyo ukishapiga plasta na kupaua huwezi kuviongeza bila kubomoa. Na katika hivyo, vitangulie vinavyokabili baridi na upepo, maana hao ndio wapangaji wa kudumu wa nyanda hizi.

Tatizo letu huanzia kwenye ramani. Kijana yuko Dar es Salaam, ameona nyumba nzuri Goba au Kigamboni, anaomba ramani yake, anaituma kwa simu, na fundi wa huku anaipima kiwanjani kama ilivyo. Ramani ile ilichorwa kwa ajili ya mji wa joto. Madirisha ya futi sita kila upande ni ya kuruhusu hewa ipite, dari limenyanyuliwa ili joto lipande juu, na marumaru ni za kupoza miguu. Sasa Njombe iko karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na ukipanda Makete hadi Kitulo utakuta sakitu imelala juu ya nyasi asubuhi. Tunachukua nyumba iliyobuniwa kufukuza joto, tunaijenga mahali ambapo joto linatafutwa kwa tochi.

Tuanze na kisichogharimu hata mfuko mmoja wa saruji, yaani jua. Njombe iko nyuzi 9 na kidogo kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua linakuwa limehamia kaskazini, na hata saa sita mchana haliwi utosini. Limeinama upande wa kaskazini kwa zaidi ya nyuzi 30. Kwa hiyo dirisha linalotazama kaskazini linaingiza jua katika miezi ileile ya baridi. Desemba jua likihamia kusini, dirisha hilohilo linabaki kivulini. Basi sebule, chumba cha bibi na chumba cha mama mwenye mtoto mchanga vitazame kaskazini. Stoo, choo na korido vikae kusini, na madirisha ya huko yawe madogo. Ni suala la kugeuza ramani kabla kamba ya msingi haijavutwa. Lakini jaribu kumwambia mtu hivyo! Atakujibu sebule lazima itazame barabarani, hata kama barabara iko kusini, ili wapita njia waione. Wapita njia hao wakishapita, wewe unabaki humo na blanketi begani saa nane mchana.

Jambo la pili nitalikalia kidogo, kwa sababu linaua. Ni jiko la mkaa chumbani. Kila msimu wa baridi watu huingiza jiko ndani, hufunga mlango na dirisha, hulala. Mkaa unaoungua kwenye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati nafasi ya kushtuka. Tunahimizana kila mwaka tusifanye hivyo, na kila mwaka baridi inarudi, jiko linaingizwa tena. Kwa maoni yangu, kuhimizana peke yake hakutoshi kama nyumba yenyewe haina pa kuotea moto.

Hapo ndipo penye kitu ambacho ningekitetea kuliko kingine chochote: meko ya sebuleni yenye dohani. Nyumba za zamani za mashamba ya chai kule Mufindi zilikuwa nazo. Sisi tumeziacha, pengine kwa sababu ramani za Dar hazina. Na kuni tunazo! Huu ni mkoa wa mbao; mabanzi yanarundikana nje ya kila kiwanda cha kupasulia magogo. Dohani hujengwa pamoja na ukuta, kwa tofali za kuchoma, ambazo huvumilia moto kuliko bloku za saruji. Itokeze walau nusu mita juu ya kofia ya paa ili upepo usirudishe moshi ndani, na pale inapotoboa bati pazibwe vizuri, la sivyo mvua itateremka nayo. Ukishapaua bila dohani, kuja kuiongeza ni kukata kenchi na kutoboa bati zima. Wengi wakifika hapo huahirisha, na wanaahirisha moja kwa moja.

Dari nalo lisichukuliwe kuwa pambo. Bati tupu usiku hupoa haraka na kuivuta nyumba nzima kwenye ubaridi. Dari lililofungwa bila nyufa, kwa jipsamu ya kawaida au kwa mbao zetu zilizokaushwa vizuri, lina faida kubwa kuliko lile la ngazi tatu lenye matundu ya taa kila hatua. Futi 9 kwenda juu zinatosha huku. Unaokoa kozi kadhaa za tofali, na hewa ya kupasha inapungua. Sakafu ya vyumba vya kulala iwe ya mbao, au ya niru yenye zulia. Marumaru ziache chooni, bafuni na jikoni.

Makambako ni habari nyingine. Pale barabara ya Tunduma inapokutana na ya Songea, na reli ya TAZARA inapopita, baridi ipo lakini bwana mkubwa ni upepo. Unavuma kiasi kwamba Makambako, pamoja na Singida, imekuwa miongoni mwa maeneo yaliyopimwa kwa ajili ya umeme wa upepo. Anayejenga pale, ile hela ya ziada aipeleke kwenye paa. Upepo hauanzi kuezua bati katikati; unaanzia ukingoni, unainua pembe, halafu unakunja lote. Kwa hiyo nondo nyembamba zimwagiwe zege ndani ya lenta, ncha zake ziachwe nje, zije kukunjwa juu ya mbao inayobeba kenchi. Ni kazi ya saa chache, lakini ni ya siku ileile ya kumwaga lenta, si kesho yake. Misumari iwe mingi zaidi ukingoni kuliko katikati. Na mkumbuke kwamba kwenye bati namba ikipanda unene unashuka: geji 28 ni nene kuliko geji 30, hata kama rangi ni ileile na muuzaji anaapa.

Siku hizi kuna mtindo wa paa lililofichwa nyuma ya ukuta. Kwa haki niseme, ule ukuta unaokinga ukingo wa bati unasaidia dhidi ya upepo. Ila Njombe mjini, ambako mvua ya mwaka wa kawaida hupita milimita 1000, paa la namna hiyo linalundika maji kwenye mfereji wa ndani. Majani mawili yakiziba, maji yanaingia sebuleni. Tena kuta na madirisha yanabaki bila mwavuli. Mimi nisingelijenga hapa.

Mvua hiyohiyo ni mali. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa linalofunika mita za mraba 120, hata ukitoa yanayorukia nje na ya kuoshea bati, linaweza kukupa karibu lita laki moja kwa msimu. Weka mifereji ya kingo siku ya kupaua, jenga kitako imara cha tenki. Tenki lenyewe unaweza kununua baadaye.

Sasa maji ya moto. Hita ya kwenye bomba la kuogea yenye wati 5500, mtu akioga dakika 10, hula karibu uniti moja. Familia ya watu watano, kila mmoja akioga mara moja kwa siku, inakaribia uniti 140 kwa mwezi, wakati kundi la matumizi madogo la TANESCO huishia uniti 75. Sisemi tuoge maji baridi, tena Julai! Nasema bomba la maji ya moto litandazwe ukutani toka mwanzo, ili siku ukipata hela ya hita ya jua au ya tenki linalopashwa na jiko la kuni, uunganishe tu. Na kama ni hita ya umeme, iwe na waya wake peke yake, milimita 4 au 6, na swichi yake ya usalama. Waya wa soketi za kawaida hauwezi mzigo huo.

Kwa jikoni neno moja. Serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Basi acha tundu la bomba la gesi ukutani, mtungi ukae nje kwenye kizimba chenye matundu chini, kwa kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

 

Wewe ambaye boma lako limefika kwenye lenta, kabla hujaagiza bati waite fundi mwashi, fundi umeme, fundi bomba na fundi wa kupaua siku moja, wakae wote mbele ya ramani. Wakiitwa mmoja mmoja, kila anayekuja atavunja kazi ya aliyemtangulia na gharama ni zako. Na wewe uliyeko Dar unayesimamia ujenzi kwa simu, mwombe ndugu yako apige picha za kila ukuta kabla haujapigwa plasta, waya na mabomba yakiwa yanaonekana, na futi kamba ikiwa imenyooshwa pembeni. Picha hizo zitunze pamoja na hati ya kiwanja.