Mazungumzo juu ya Lupango wa Majani Mekundu



Wengine wenu mmeona katika picha miti ya Bulaya yenye majani mekundu kama moto. Kule, baridi ikikaribia, mchana hufupika. Rangi ya kijani hufa ndani ya jani, nyekundu na manjano huonekana, kisha majani huanguka. Hapa Goma tunakaa karibu na ikweta. Mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima. Basi usingoje majira hayo.

Panda akalifa, mti mdogo uliotoka visiwa vya bahari ya Pasifiki. Majani yake ni mekundu siku zote, kama yanapata jua. Kivulini hurudia kijani.

Nitawaambia kosa langu mwenyewe. Mwaka wa kwanza nilichomeka vijiti ishirini kati ya makoro, mwezi wa sita. Vikafa kumi na saba. Makoro hayashiki maji: mvua hushuka upesi katika nyufa, na kiangazi humaliza kilichobaki. Basi fanyeni hivi:

1. Ngojeni mvua ya mwezi wa kenda.

2. Ondoeni makoro, mchimbe shimo la dhiraa moja. Lijazeni udongo mweusi, majani yaliyooza na samadi iliyokauka. Usipojaza shimo, umepanda juu ya jiwe.

3. Ombeni matawi kwa jirani anayekata lupango wake. Hamna haja ya kununua. Kateni vijiti vya shubiri moja, vyenye macho matatu au manne. Ondoeni majani ya chini. Macho mawili yaingie udongoni.

4. Funikeni udongo kwa nyasi kavu, lakini nyasi zisiguse shina. Mvua ikikosa, mwagilieni asubuhi.

5. Mti ukifika magotini, kata kichwa chake. Mahali ulipokata hutoka matawi mapya. Ukiuacha, utakua kuliko mtu, nao chini utakuwa wazi, mbuzi wapite. Samaki mkunje angali mbichi.

Neno moja kubwa. Wewe uliyerudi kutoka Rubaya na fedha kidogo, ukapata kiwanja, usipande juu ya mpaka wenyewe. Ingia ndani hatua moja. Mti hunenepa, mwaka wa tatu umeingia kwa jirani, nanyi mnakwenda mbele ya chifu kwa sababu ya majani. Mwite jirani aone kamba kabla hujachimba.

Wala msichanganye akalifa na ule mti mwingine wa majani mekundu juu, uliotoka Mexico. Ule ukikatwa hutoa maziwa meupe, yanayowasha ngozi na kuumiza macho. Usiupande mahali watoto wanapocheza.

Vijiti vyangu vitatu vilivyopona ndivyo mama wa lupango wote mnaouona leo nyumbani kwangu. Anayetaka matawi, aje mvua ikianza.