Mlango wa Kabati Una Pande Mbili



Nataka kusema nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni kupaka vanishi milango ya kabati. Katika nyumba nyingi za hapa Kibera chumba ni kimoja tu. Humo watu hupika, hulala, na watoto husoma. Kabati ndilo ghala la unga, vyombo na vyeti vya shule. Mtu hujinyima miezi mingi apate kulinunua kwa mafundi wa kando ya barabara ya Ngong; kisha mvua za Machi hadi Mei zikija, milango hupinda ikakataa kufungwa. Hapo fundi hulaumiwa kwamba mbao zake zilikuwa mbichi. Pengine ni kweli. Lakini yafaa tuutazame na upande wa ndani wa mlango, ambao mara nyingi haukupakwa kitu.

Sababu yake ni hii. Ubao, hata ukiwa umekatwa zamani, hunywa unyevu wa hewa ukafura, na hewa ikikauka husinyaa. Mvuke wa sufuria na hewa ya masika huingia upesi katika uso usiopakwa, na polepole katika uso uliopakwa. Basi uso mmoja hufura kuliko mwenzake, na mlango hupinda. Vanishi haizuii unyevu kabisa, huuchelewesha tu. Kwa hiyo yapasa iucheleweshe sawasawa: pande zote mbili, na kingo zote nne. Angalieni hasa ncha za mbao, mahali nyuzi zilipokatwa, kwa maana hapo ndipo ubao unywapo maji zaidi.

Sasa kazi yenyewe. Ondoeni milango katika bawaba zake, mkailaze juu ya matofali. Pigeni msasa namba 120, kisha 180, kwa kufuata nyuzi za ubao. Msasa ukipita kukingama, mikwaruzo yake itaonekana chini ya vanishi. Futeni vumbi lote. Korogeni vanishi taratibu kwa kijiti, wala msilitikise kopo, kwani mapovu yake hubaki mlangoni. Kama ni vanishi ya mafuta, na maandishi ya kopo yakiruhusu, safu ya kwanza iwe nyepesi: sehemu 1 ya tapentaini kwa sehemu 9 za vanishi. Ikikauka, pitisheni msasa namba 240 kwa mkono mwepesi, mfute, mpake tena. Safu tatu nyembamba zashinda moja nzito, ambayo hukauka juu na kubaki laini ndani. Chagueni siku isiyo na mvua, mfanye kazi kivulini, ili vanishi ishike kabla ya baridi ya jioni.

Lakini kuna jambo kubwa kuliko uzuri wa kabati, nalo ni moto. Mvuke wa tapentaini na wa thina ni mzito kuliko hewa; hutambaa sakafuni hata ukafikia jiko linalowaka. Kwa hiyo kazi hii ifanywe nje, mbali na jiko, taa na sigara. Tena, vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe, na huweza kuwaka bila kiberiti. Vitandazeni nje kimoja kimoja hata vikauke, au vitieni katika kopo lenye maji na kifuniko. Nyumba zetu zimebanana na njia ni nyembamba. Gari la zima moto hupita kwa shida. Kitambaa cha mtu mmoja chaweza kuunguza safu nzima ya majirani.

Mwisho, nawashauri wanunuzi. Kabla ya kutoa fedha, fungueni mlango wa kabati, mpitishe kiganja upande wa ndani na ukingo wa juu. Mkiona pakavu na pa kukwaruza, mwambieni fundi amalize kazi yake kwanza. Na fundi aliyepaka pande zote ametumia vanishi zaidi na siku zaidi. Huyo msimpunje, bali mlipeni haki yake.