Kamba ya Iyangura: Mwindo na Washairi wa Goma



Mwaka 1956, msimulizi wa Kinyanga, Candi Rureke, alimweleza mtafiti Daniel Biebuyck habari za Mwindo, shujaa wa utendi wa Wanyanga, kwa siku 12. Alisimulia, akaimba, akacheza, akatikisa kibuyu, na wenzake wakaitikia huku wakipiga vijiti. Biebuyck na Kahombo Mateene wakachapisha simulizi hilo mwaka 1969. Wengi wamelichukua kuwa ndilo Mwindo wa asili. Lakini mwaka 1978 Biebuyck alitoa masimulizi mengine ya Wanyanga, na humo Mwindo si yuleyule. Kila msimulizi alikuwa na Mwindo wake. Kwa hiyo mshairi wa Goma anayemtunga upya hawavunjii wazee heshima. Anaendeleza kazi yao.

Swali langu ni tuingie katika simulizi hili kwa mlango gani. Ni rahisi kuanza na shujaa: mtoto aliyezaliwa akitembea, baba yake Shemwindo akamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, akaokoka, akarudi Tubondo, kijiji cha baba yake, na usinga wake wa ajabu kudai haki. Mimi sitaki shairi hilo. Mji huu umeona wanaume wengi mno wakirudi na silaha na kusema wamedhulumiwa.

Tazameni badala yake mahali ambapo msomaji mwenye haraka hupita. Shemwindo amekimbilia kuzimu kwa Muisa, mungu wa huko, na Mwindo anamfuata. Kabla ya kushuka anamwachia shangazi yake, Iyangura, ncha ya kamba: ikiacha kutikisika, ajue mwanawe amekufa. Huko chini Muisa anampiga kwa mkanda wake, Mwindo anaanguka, na huku juu kamba inatulia mkononi mwa shangazi. Iyangura analia. Kisha usinga unamwinua Mwindo, na kamba inatikisika tena.

Wanyanga huweka makao ya miungu yao kwenye volkeno. Sisi tuliokimbia Nyiragongo mwaka 2002, kisha tena 2021, hatuhitaji kuelezwa maana ya kusimama juu ya ardhi ambayo chini yake kuna mwenyewe. Na ni nyumba ngapi hapa hazina mtu anayengoja simu ya aliyekwenda Masisi au Rutshuru, kulikopiganwa vita? Iyangura anaishi Goma. Katika simulizi, yeye ndiye aombaye watu wa Tubondo waliouawa wafufuliwe, na mbele yake baba na mwana wanagawana utawala. Vita vya baba na mwana vinamalizikia kwenye baraza la shangazi!

Kuhamisha sauti namna hii kumefanywa kwingine. Mwaka 1971 Anne Sexton wa Marekani alizitunga upya hadithi za akina Grimm, na mwaka 1999 Carol Ann Duffy wa Uingereza akawapa wake wa mashujaa nafasi ya kusema. Pwani ya Waswahili pia ina mlango wa aina hiyo. Katika utenzi wa Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mwana anamchoma baba yake, Liyongo, sindano ya shaba kitovuni, na mama yake Liyongo, Mwana Mbwasho, ndiye anayemwendea kisimani alikofia. Namngojea mshairi atakayekaa na mama huyo kwa beti hamsini.

Kuhusu umbo, siwashauri mumvike Mwindo mizani nane za utenzi wa pwani. Karisi, yaani utendi wa Wanyanga, huchanganya nathari na wimbo, nao husimama kwa kuitikiwa. Vijana wa Goma Slam Session tayari wanatunga kwa ajili ya sikio na jukwaa. Umbo hilo liko karibu zaidi na kibuyu cha Rureke. Kamba inapotulia, mshairi anyamaze kweli, hadhira ibaki bila kitu cha kuitikia, mpaka waanze kutazamana.

Atakayetunga asitosheke na kitabu cha 1969. Wapo wazee wa Kinyanga kutoka Walikale katika mitaa yetu, vita vimewaleta. Awaendee, aketi, awaulize Iyangura alisema nini kamba ilipotulia.